Getruda Nyabise Werema, Aliyetandika Nguo Zake Msibani

14 Machi 1971 – 11 Februari 2025

Ndugu, jamaa na marafiki, mtu huzikwa mara moja lakini husemwa mara nyingi. Kwa hiyo familia imeona yasemwe leo, mbele ya jeneza, yale yaliyo ya kweli, ili kesho asitokee wa kuyapindisha. Marehemu mwenyewe hakupenda kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na hakukubali kulaumiwa kwa lile aliloamini ni haki. Tutajitahidi kufuata mwendo huo.

Getruda Nyabise alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kitongoji cha Mwitongo, Butiama. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa marehemu Mzee Eliasi Werema na marehemu Mama Debora Nyamisi. Mzee Eliasi alikuwa mfugaji, na Mama Debora alilima mihogo na mtama. Getruda alibatizwa mwaka huohuo wa 1971 na kupata Komunyo ya kwanza mwaka 1981.

Tangu utotoni alikuwa mtu wa kutaka kujua kitu kimeungwaje. Alipokuwa darasa la tatu, baba yake alikwenda mnadani na kuacha nyumbani koti lake la pekee, la kuvaa kanisani. Getruda alilifumua mikono yote miwili ili aone linavyokaa begani, kisha akalishona upya kwa sindano ya mkono kabla baba hajarudi. Jumapili Mzee Eliasi alilivaa, akatembea nalo hadi kanisani, akarudi. Hakushuku kitu. Mtoto mwingine angeshukuru Mungu na kunyamaza. Getruda alimfuata zizini.

"Baba, lile koti nililifumua."

"Ulilifumua lini?"

"Ulipoenda mnadani. Nikalishona tena."

Mzee akajipapasa mabega. "Kumbe! Mimi nilidhani nimenenepa vizuri, maana leo limenikaa." Alimcharaza fimbo mbili kwa kufumua, na mwezi uliofuata akamnunulia mkasi. Mzee alikuwa hivyo: kosa lilipata adhabu yake na kazi nzuri ilipata stahili yake, na hakuchanganya mambo hayo mawili.

Alisoma shule ya msingi Butiama kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari Bunda kuanzia 1986 hadi 1989, alikohitimu kidato cha nne. Walimu walitaka aende ualimu. Yeye aliomba nafasi katika chuo cha ushonaji cha masista mjini Musoma, akasoma huko mwaka 1990 na 1991. Alipomaliza, alifanya kazi chini ya fundi mwingine kwa miaka mitatu, na tarehe 2 Mei 1995 alifungua chumba chake cha kushonea katika kata ya Iringo, mjini humohumo Musoma, akiwa na cherehani moja ya miguu.

Kazi yake wengi wenu mnaijua kwa sababu mmeivaa. Alishona sare za kwaya, magauni ya harusi, mashati ya vitenge ya wazee wa kanisa. Baadaye alianza kubuni mavazi yake mwenyewe, na kufikia mwaka 2005 nguo zake zilikuwa zinapelekwa Mwanza, Arusha na Nairobi. Magazeti yalimwita mbunifu wa mavazi. Yeye aliendelea kujiita fundi, na mteja aliyekuja na kitambaa kidogo kuliko mwili wake aliambiwa ukweli palepale, bila kupakwa mafuta.

Tarehe 23 Novemba 1996 Getruda alifunga ndoa takatifu na Emanuel Magesa wa hapa Kiriba, fundi wa injini za mitumbwi. Ng'ombe wa mahari walitolewa na familia ya Magesa na kupokelewa Butiama, wote, mbele ya mashahidi ambao baadhi yao wapo hapa. Jambo hili linatajwa kwa makusudi, na sababu yake itaonekana. Mungu aliwajalia watoto wawili: Gody, aliyezaliwa mwaka 1998, na Scholastika, aliyezaliwa mwaka 2002.

Sasa tuseme habari ya picha, maana bila picha hizo maisha ya Getruda hayaelezeki.

Mwaka 2006 alipeleka sare za kwaya Bunda. Karibu na kituo cha mabasi alimkuta mchoraji wa mabango ya maduka, Baltazar Alfonce. Nyuma ya mabango ya saluni na ya mbegu za mahindi, kulikuwa na kitu kimetundikwa ukutani ambacho Getruda alidhani ni zulia. Alipokisogelea akaona ni kitambaa kizito, kile cha kushonea mahema, kimepakwa rangi. Kilikuwa na mapindo kuzunguka pande zote, mapindo ndani ya mapindo, na ua kubwa katikati. Hata mashada ya nyuzi ya kwenye ncha yalikuwa yamechorwa, mengine yamenyooka na mengine yamepinda kana kwamba mtu ameyapitia kwa mguu.

"Hili umemchorea nani?" Getruda aliuliza.

"Sijamchorea mtu, mama. Nimejichorea."

Akamweleza. Aliwahi kuitwa kupaka rangi nyumba ya mfanyabiashara mmoja mjini Bunda. Sebuleni kulikuwa na zulia la Uajemi, lililoletwa na babu wa babu wa yule mfanyabiashara. Lilikuwa limechakaa mno kukanyagwa, wakaamua kulitundika. Wenzake walipokwenda kula mchana, Baltazar alibaki amekaa mbele ya zulia lile. Kazi ya kupaka rangi ilikwisha, lakini zulia halikumtoka kichwani.

Getruda alilitazama tena. "Na hivi vidogo vya kwenye pindo? Ni samaki?"

"Furu."

"Zulia la Waajemi lina furu?"

"Waajemi walifuma bustani zao, mama. Mimi bustani sina. Nina ziwa."

Getruda aliinunua picha hiyo siku hiyohiyo na kurudi nayo Musoma imeviringishwa begani. Akaitundika ukutani, mbele ya cherehani. Tangu hapo alinunua picha za Baltazar kila alipoweza, na baadaye za wachoraji wengine wachache wa mkoa huu. Katika picha za Baltazar mtu aliona taa za wavuvi wa dagaa zimepangwa kama maua, pembe za ng'ombe zimeungana kuwa pindo, na yale mawe makubwa ya Musoma yamekaa pembe nne kama walinzi. Wateja walipokuja kupimwa walisubiri wakizitazama. Wengine walizipenda, wengine walicheka. Mama mmoja wa sokoni alimwambia, "Mama Gody, wewe mazulia unayaanika ukutani, na wageni unawakalisha kwenye mbao!" Emanuel naye hakuacha utani. Alizoea kuwaambia wageni, "Karibuni. Nyumba hii ina mazulia kuliko nyumba zote za Iringo, na miguu yetu bado inakanyaga sementi." Lakini ni yeye aliyetoboa kuta na kuzitundika, na hakuna iliyowahi kukaa upande.

Wapo waliosema kwamba Getruda alizipenda picha kwa ajili ya kuiba michoro na kuiweka kwenye vitambaa. Hilo si kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2011 alikuja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, akaona picha, akataka michoro ile ichapwe kwenye vitenge ili Getruda ashone na yeye auze.

"Kamuulize mwenyewe," Getruda alimjibu.

"Mwenyewe si wewe? Umezinunua."

"Nimenunua picha. Mkono sikuununua."

Yule bwana alikunywa soda yake akaondoka. Alichojifunza Getruda kwenye picha zile, kwa maneno yake, ni kwamba pindo ndilo linaloshika vazi lisisambae. Alianza kufikiria upindo kabla ya kifua. Huko ni kujifunza, na kujifunza hakuhitaji kuomba radhi.

Mwaka 2014 yeye na Baltazar waliitwa kwenye maonyesho makubwa Dar es Salaam, mwishoni mwa mwezi wa Juni. Getruda angeonyesha magauni aliyoyashona kwa zaidi ya mwaka mzima, usiku baada ya wateja kuondoka, mengine yakiwa na tarizi ya mkono. Baltazar angeonyesha picha moja, kubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Ilikuwa nafasi yake ya kwanza ya kuonekana nje ya mkoa. Kwa kuwa chumba chake cha Bunda kilikuwa kinavuja, aliileta Musoma ikiwa imeviringishwa, akamwomba Getruda amtunzie mpaka siku ya safari. Haikuwa picha ya Getruda. Alikuwa ameaminiwa nayo.

Jumatatu tarehe 9 Juni 2014 Emanuel alianguka akiwa kazini, na akafariki dunia kabla ya kufikishwa hospitali. Mwili uliletwa hapa Kiriba kwa maziko. Kama ilivyo kawaida yetu, gari lilikwenda Iringo kuchukua vyombo vya msiba: sufuria, viti, mablanketi, mikeka. Vijana waliopakia walichukua kila kilichoviringishwa wakijua ni mkeka au zulia, na kila sanduku wakijua ni la mablanketi. Mjane hakuwa na akili ya kusimamia gari. Ndivyo picha ya Baltazar ilivyofika Kiriba, pamoja na sanduku la bati lenye magauni.

Emanuel alizikwa Jumatano tarehe 11. Siku zile zote Getruda alikuwa ndani pamoja na wajane wenzake. Alhamisi asubuhi ndipo alipotolewa nje kwa mara ya kwanza. Uani watu walikuwa wengi na mikeka ilikuwa imekwisha. Katikati ya ua, juu ya picha ya Baltazar, alikuwa ameketi mama mkwe wake, Bibi Dorkas, na akina mama wenzake wakubwa wamemzunguka.

Ni lazima hapa ielezwe desturi, kwa ajili ya wageni. Katika ukoo wa Magesa, mama wa marehemu akishakalishwa uani haamshwi na mtu. Huinuka mwenyewe kwa haja zake na hurudi palepale, hadi siku ya kuanua matanga. Kumwamsha ni sawa na kumwambia kwamba kilio chake kimetosha. Getruda aliijua desturi hiyo. Asijitokeze mtu kusema kwamba alitenda kwa kutojua.

Alimwita pembeni wifi yake Recho, dada wa Emanuel.

"Wifi, nani katandika hili?"

"Mimi. Mikeka iliisha, nikasema mama asikae vibaya. Nikaleta zulia lako zuri. Nimekosea?"

"Siyo zulia. Ni picha."

Recho akainama kwenye ncha, akataka kunyoosha shada la nyuzi lililopinda. Halikunyooka, kwa kuwa lilikuwa ni rangi. "Haa! Kumbe limenidanganya na mimi. Lakini si tutalifua tu? Mazulia yote yanafuliwaga."

"Hili halifuliwi."

"Zulia gani halifuliwagi, wifi? Hata la nyumbani kwa padri linafuliwaga."

Wakati huo akina mama wa jikoni walikuwa wanakuja na sufuria la chai ya maziwa na mabeseni ya viazi. Hadi hapo kulikuwa na vumbi tu, na vumbi hupanguswa. Baada ya chai pasingekuwa na cha kuokoa.

Baltazar mwenyewe alikuwa amefika kutoka Bunda kutoa pole. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa uani, kofia mkononi, na alikuwa ameiona. Getruda alipomkaribia, Baltazar alimwahi kwa kusema, kwa sauti ya chini, "Mama Gody, waache. Mimi nitachora lingine."

Maneno hayo yangeweza kumtua mzigo. Mwenye mali amesema waache, basi. Watu wengi wangeshika hapo, na wangelala usingizi. Lakini Getruda aliona kwamba yule kijana alikuwa anatoa kitu ambacho asingeweza kukidai katika msiba wa watu, na ruhusa ya mtu asiyeweza kukataa si ruhusa. Upande mwingine alimwona mama wa mume wake, ambaye udongo wa kaburi la mwanawe ulikuwa bado mbichi. Hakuwa na njia isiyomuumiza mtu. Alichoweza kuchagua ni gharama hiyo imwangukie nani.

Aliingia ndani, akaliburuta sanduku la bati hadi uani, akalifungua. Akatoa magauni, moja baada ya jingine, akayatandika chini kando ya Bibi Dorkas, tarizi juu, mpaka yakatosha akina mama wote waliokuwa pale. Kisha akapiga magoti.

"Mama, naomba usogee hapa."

"Nisogee kwa nini?"

"Ulipokalia ni kazi ya mtu, mama. Aliniachia nimtunzie. Hapa nimekutandikia ya kwangu."

Bibi Dorkas akamtazama. "We Getruda. Mwanangu hata udongo wake haujakauka, unaniamsha kwa ajili ya picha?"

"Ndiyo, mama."

Wapo wanaosema kwamba angejibu kwa maneno mengi pasingekuwa na ugomvi. Inawezekana. Lakini swali lilikuwa la ndiyo au hapana, naye hakuzoea kujibu maswali ya namna hiyo kwa hadithi.

Bibi Dorkas aliinuka. Hakukanyaga magauni. Aliyapita, akaenda kuketi juu ya udongo mtupu karibu na ukuta wa jikoni, na hapo alikaa hadi matanga yalipoanuliwa. Akina mama wengine walisimama wakitazamana. Mmoja akasema, "Miguu yangu haigombani na mtu," akakaa kwenye gauni la hariri. Wengine wakafuata. Chai ikaletwa, viazi vikaletwa, watoto wakapita na miguu yao. Baltazar aliipangusa picha, akaiviringisha na kuondoka nayo. Hakukuwa na gauni hata moja lililofaa tena kuonyeshwa.

Picha ilikwenda Dar es Salaam na ilitazamwa na watu wengi. Leo Baltazar anaishi kwa uchoraji, na mabango ameyaacha. Alitaka kumpa Getruda picha ile bure. Getruda alikataa, akainunua kwa bei aliyoitaja mchoraji mwenyewe. Kwenye maonyesho yale yeye hakwenda; hakuwa na cha kupeleka, na alikuwa mjane.

Siku ya kuanua matanga, Mzee Bonifasi Magesa, baba mdogo wa Emanuel, ambaye naye sasa ni marehemu, alisimama mbele ya ukoo na kusema: "Aliyemwamsha mama wa marehemu asitegemee kulala upande wa marehemu." Hakuna aliyempinga. Maana yake ilikuwa wazi. Getruda, mke wa ndoa, ambaye mahari yake ilikamilika, hatazikwa Kiriba. Angerudishwa Butiama kama mwanamke aliyeachwa, na watoto wake wangebaki na kaburi la baba bila la mama.

Hukumu hiyo ilimchoma kuliko mtu alivyoweza kuona kwa nje. Alimwambia dada yake kwamba usiku hupigana na jambo moja tu: kama Emanuel angekuwepo, angesemaje. Hata hivyo hakuacha kuja Kiriba. Kila mwaka alikuja kufagia kaburi la mumewe na kumsalimia mama mkwe. Bibi Dorkas aliitikia salamu na kupokea sukari na sabuni. Kiti hakumpa. Getruda alisalimia akiwa amesimama, akaaga akiwa amesimama.

Mwaka 2017 wazee walimtumia ujumbe kwamba akiomba radhi, hukumu inaweza kutazamwa upya. Alikuja mwenyewe kuwajibu, na maneno yake yanakumbukwa. "Kosa langu ni kwamba sikuliangalia gari wakati linapakiwa. Kwa hilo naomba radhi, na mama namwomba radhi kwa maumivu yake. Lakini la kutoa kazi ya mtu chini ya miguu, hilo siombi radhi. Nikiliombea radhi nitakuwa nimedanganya, na mtanizika mwongo." Wazee walisema ana kiburi. Kila anayesikia na aamue mwenyewe tofauti ya kiburi na msimamo. Mara nyingi hufanana kwa sura, hutofautiana kwa anayelipa gharama.

Mwezi Agosti 2022 Getruda aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mwanza, akafanyiwa upasuaji mwezi Oktoba, akapata nafuu, na mwaka 2023 alirudi kazini. Aliwafundisha kazi wasichana wanne katika kipindi hicho. Mwezi Septemba 2024 ugonjwa ulirudi ukiwa umefika kwenye mifupa. Tangu Krismasi hakutoka kitandani. Alipokea Mpako wa Wagonjwa tarehe 30 Januari 2025.

Katika wiki zake za mwisho aliweka mambo yake sawa. Alisema picha zote zibaki pamoja Iringo chini ya usimamizi wa Scholastika, zisigawanywe kama vyombo, na atakayetaka kuziona asizuiwe. Kuhusu kaburi, alisema mara moja tu: "Naomba Kiriba. Wakikataa, msigombane nao." Baltazar alipokuja kumwona alimwambia kwamba yuko tayari kwenda kwa wazee na kumsemea. Getruda alimkatalia. "Usiende, mwanangu. Ukienda wewe kuniombea, itaonekana nilikutendea ili unilipe." Kaka yake Bernado, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kuonyesha mahali pa kuchimba kule Mwitongo. Hakukosea. Alikuwa anamwandalia dada yake pa kulala.

Getruda alifariki dunia nyumbani kwake Iringo, Jumanne tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 53. Watoto wake wote wawili walikuwa naye.

Jumatano ukoo ulikutana hapa Kiriba. Gody alisimama na kuomba mama yake azikwe kando ya baba yake. Wazee walimsikiliza kwa upole, kisha mmoja baada ya mwingine wakarudia hukumu ya marehemu Mzee Bonifasi. Walisema neno la msibani halifutwi. Walisema mama alikalishwa udongoni na mkwe wake, na jambo hilo halijawahi kuonekana katika ukoo. Bernado akasema, "Basi mura, tusichoshane. Sisi tunamchukua dada yetu," na akainuka kwenda kuliandaa gari.

Bibi Dorkas alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni. Ana umri wa miaka themanini na sita, na kwenye kikao cha wanaume hana desturi ya kusema. Aliomba ashikwe mkono, akasimama.

"Kila mwaka nawasikia," alisema. "Mnasema Getruda alinikalisha udongoni. Alinikalisha lini? Alinitandikia nguo zake, nzuri, ambazo mimi sijawahi kuvaa. Nikazikataa. Nilikaa udongoni kwa hasira zangu mwenyewe. Ningekaa pale aliponitandikia, huyo Bonifasi angesema nini? Nilijua hivyo tangu siku ile. Nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimefiwa na nilitaka wa kumlaumu, na huyu alikuwa karibu."

Mzee mmoja akaanza, "Lakini mama, neno la ukoo..."

"Aliyeamshwa ni nani? Ni wewe?"

"Hapana, mama."

"Ni mimi. Kama kuna wa kumkataa hapa, ni mimi, na mimi simkatai. Alikuja kunisalimia miaka kumi amesimama, kiti sikumpa. Sasa nitampa pa kulala. Chimbeni."

Vijana walichukua majembe. Bernado alirudi kutoka kwenye gari, akavua koti, akachimba pamoja nao. Ndiyo sababu leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, tumekusanyika hapa Kiriba, na kaburi mnaloliona limechimbwa upande wa kulia wa kaburi la Emanuel.

Marehemu ameacha watoto wawili, Gody na Scholastika, mjukuu mmoja, Emanuel, mama mkwe, Bibi Dorkas, wifi, Recho, kaka zake Bernado na Werema na dada zake wawili, wasichana aliowafundisha kazi, na wote waliowahi kusimama mbele yake wakapimwa na kuambiwa ukweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, jumuiya ndogo ndogo za Iringo na Kiriba, na ukoo wa Magesa kwa kumpokea.

Getruda Nyabise, lala kando ya mume wako. Mungu akupe amani, na asiwepo wa kukuamsha.